Hisa za benki, vipande vya UTT au hatifungani: laki moja na nusu kwa mwezi, miaka 15

Mwalimu wa Kibaha
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanangu ana miaka mitatu. Naweza kutenga 150,000 kila mwezi na sitaigusa mpaka aingie chuo, kama miaka 15 hivi. Nimebaki na njia tatu: kununua hisa za benki za CRDB na NMB mwenyewe pale Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS (fedha za wengi zinawekezwa pamoja, kipande ndiyo sehemu yako), au hatifungani za serikali za miaka 20, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Mlioko humo, nisaidieni.

Gawio Tamu
Hisa, mwalimu. NMB ilipouzwa kwa umma mwaka 2008 ilikuwa shilingi 600 kwa hisa. Mwaka 2024 ilikuwa imevuka 5,000, na hapo sijahesabu magawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa. Kodi ya gawio kwa kampuni zilizoorodheshwa ni asilimia 5 tu. Ukiwa na akaunti ya CDS, ya kutunzia hisa zako, unanunua kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani, hata foleni hupangi.

Mzee wa Vipande
Kijana, umemwonyesha mwenzio upande wa jua tu. CRDB iliuzwa 150 mwaka 2009, ikapanda vizuri, halafu mwaka 2019 ikawa chini ya hiyo 150. Miaka kumi, na bei imerudi nyuma ya mstari! Aliyeng'ang'ania amekuja kucheka baadaye, sawa. Lakini kama 2019 ndiyo mwaka wa ada ya mtoto, unamwambia asubiri?

Na kuna jambo watu hawalisemi. Kuna kampuni moja, siitaji, nilikuwa na hisa zake. Tukapata msiba, nikaweka oda ya kuuza. Wiki mbili hakuna mnunuzi. Soko letu ni dogo, bei unayoiona kwenye ubao si lazima iwe fedha mkononi.

Gawio Tamu
Shikamoo mzee wangu. Hilo la wanunuzi nakubali, ila kwa hizi benki mbili si tatizo kubwa. Na huo Umoja wenu nao una hisa ndani yake.

Mzee wa Vipande
Marahaba. Una hisa, una na hatifungani, ndiyo maana hautikisiki sana. Upo tangu 2005. Haugawi gawio, faida inabaki ndani na kipande kinapanda thamani. Kuingia hakuna makato, kutoka ni asilimia 1. Wewe wa hisa, dalali anakukata pamoja na ada nyingine kama asilimia 2 ukinunua, na ukiuza anakukata tena.

Kuponi ya Julai
Mwalimu, swali moja: mtoto anaingia chuo baada ya miaka 15, hatifungani ya miaka 20 ya nini? Ipo ya miaka 15. Hiyo ya 20 ukitaka kutoka mapema itabidi uiuze soko la upili, yaani kwa mwekezaji mwingine, na kama riba mpya zimepanda wakati huo, yako itanunuliwa kwa bei ya kutupa.

Halafu kima cha chini ni milioni moja. Kwa laki na nusu yako utasubiri miezi saba ndipo uingie mnadani Benki Kuu, zinakouzwa. Hiyo miezi saba fedha usiiache benki bure, iweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT hao hao, kule huna makato ya kuingia wala kutoka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuseme kuponi, yaani riba ya hatifungani, ni asilimia 12 kwa mwaka: kwa milioni moja unapata 60,000 kila miezi sita, haikatwi kodi. Raha. Lakini 60,000 hainunui hatifungani nyingine, kwa hiyo inaishia kwenye vocha na chipsi. Ukiwa na nidhamu ya kuirudisha kwenye vipande kila inapoingia, sawa. Ukijijua huna, nenda Umoja moja kwa moja.

Dada wa Mabibo
Kuponi zangu mbili za mwaka jana zimekuwa pazia. Nimesoma hapo nikanyamaza.

Gawio Tamu
😂 Mwalimu, basi nami nalegeza. Laki moja Umoja, hamsini ikusanye mpaka ifike laki tatu ndipo ununue hisa. Ila ukiona zimeshuka usije humu kulia, ongeza.

Mwalimu wa Kibaha
Asanteni sana. Hatifungani nimeiacha kwanza, maana pazia hata mimi nyumbani nahitaji. Naanza na Umoja laki na ishirini, thelathini hisa. Kazi iliyobaki ni mume wangu, yeye anasema karatasi hazina mipaka, tununue kiwanja Mlandizi.

Mzee wa Vipande
Mwulize kiwanja cha 150,000 kwa mwezi kinauzwa na nani. Akikupa jina, nipatie na mimi.