Mjadala: "You'll Never Walk Alone" ni wimbo wa nani hasa?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Huu ubishi hauishi, kila Liverpool ikikutana na Celtic ya Scotland au Dortmund ya Ujerumani watu wanaanza kuvutana, huyu anasema wimbo wetu, yule anasema mmetuibia. Naomba leo tubishane kwa hoja, maana naona watu wanachanganya mambo matatu: nani alitunga, nani aliufanya ukapendwa, na mashabiki wa timu gani walianza kuuimba uwanjani.

Utunzi hauna hata haja ya kubishana. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ni ya Oscar Hammerstein, Wamarekani wote wawili, waliuweka kwenye mchezo wa jukwaani wenye nyimbo unaitwa Carousel, ulifunguliwa Broadway kule New York Aprili 1945. Na wala hakuna habari ya mpira humo ndani. Kuna jamaa anaitwa Billy Bigelow, mkewe Julie ana mimba, jamaa hana hela, akashawishika kwenda kuiba, wizi ukabuma, akajichoma kisu kuliko kukamatwa. Julie kabaki na maiti ya mumewe, ndo mama mmoja anaitwa Nettie anamwimbia huo wimbo kumtia moyo. Baadaye unarudi tena mwishoni, mtoto wa Billy akiwa anahitimu shule. Yani ulianza kama wimbo wa kufariji mfiwa.

Sasa pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba wimbo wa uwanjani umezaliwa 1963 kwenye kava (yani kuurekodi upya wimbo wa mwingine) ya Gerry and the Pacemakers, bendi ya vijana wa Liverpool. Frank Sinatra alishaurekodi tangu 1945 hiyohiyo, na mastaa wengine wakafuata, mbona majukwaa ya mpira hayakuubeba? Karibuni.

Mpenda muziki wa zamani:
Mkuu unampa Gerry sifa ambazo siyo zake. Chukua ule wimbo usikilize bila kuwaza mpira, nyimbo nyingi za watu wengi kuimba pamoja zina kiitikio kinajirudia rudia, huu hauna, unaanzia chini kabisa taratibu halafu unapanda, unapanda, mpaka noti ya juu inakuja mwishoni wakati watu washajaza mapafu. Ndo maana uwanja mzima unasisimka pale mwisho. Hiyo kazi ni ya Rodgers, Gerry kaikuta imeshapikwa ikaiva. Tena mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba aliusikia sinema, alienda kuangalia filamu nyingine akakutana na filamu ya Carousel. Na ukiurekodi wewe leo, hela ya utunzi haiendi kwa Gerry hata senti, inaenda kwa wenye haki za Rodgers na Hammerstein. Sheria yenyewe ishajibu ni wa nani!

Mleta mada:
Sheria inajibu nani alipwe mkuu, haijibu nani aliuingiza uwanjani. Kule jukwaani Broadway aliyeuimba wa kwanza ni Christine Johnson, sauti ya opera, kasomea. Ukiusikia hivyo unakaa kimya unamsikiliza, huwezi hata kuwaza kumfuatisha. Gerry kauimba kwa sauti ya kijana wa kawaida wa Liverpool, mwendo wa pole, prodyuza George Martin (huyuhuyu wa Beatles) kaweka vinanda vya nyuzi nyuma vinakusukuma bila kukufunika, yani hata mwenye sauti mbovu anaona huu nauweza. Hilo ndo badiliko lenyewe. Hammerstein alifariki 1960, hakuwahi kusikia jukwaa la mpira likiimba maneno yake, na nadhani ungemwambia asingeamini.

Shabiki wa Liverpool:
Niongezee hapo. Miaka ile Anfield, uwanja wetu, kabla ya mechi walikuwa wanapiga kwenye spika nyimbo kumi za juu za chati ya wiki, na jukwaa la Kop, watu wamesimama wamebanana, wanaimba zote. Ndo maana kuna picha za BBC za 1964, siku tunaifunga Arsenal 5-0 tunachukua ubingwa, unawaona Kop wanaimba She Loves You ya Beatles kama ya kwao. Sasa hii ya Gerry ilikaa namba moja wiki nne mwishoni mwa 1963, ikazoeleka, na Gerry mwenyewe alikuwa anasema iliposhuka chati na spika zikaacha kuipiga, watu wakaendelea kuimba wenyewe. Nyimbo nyingine zilipita na chati, hii ikabaki. Hakuna kikao kiliamua, hakuna kiongozi alitoa tamko.

Shabiki wa Celtic:
Haya hadithi nzuri, lakini sisi Celtic huku Glasgow tunauimba tangu enzi hizohizo, na wazee wetu wanasema waliuimba kabla yenu. Tulikutana nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya Aprili 1966, tukawafunga 1-0 kwetu, mkatufunga 2-0 kwenu. Nani anajua siku ile nani alimwiga nani?

Shabiki wa Liverpool:
Kaka, mwaka mmoja nyuma, Mei 1965, fainali ya Kombe la FA Wembley tunacheza na Leeds, mtangazaji Kenneth Wolstenholme alishautambulisha hewani kuwa ndo wimbo wa Liverpool. Mwaka huohuo Shankly, kocha wetu, anahojiwa redioni achague nyimbo zake, akauchagua huo. Sasa hiyo 1966 yako inatangulia vipi?

Mleta mada:
Hapo Celtic naona mna kazi. Wapo pia wanaosema Manchester United waliuimba baada ya ajali ya ndege ya timu yao kule Munich 1958, ila hiyo inasimuliwa tu mdomoni, mwenye rekodi ya sauti au gazeti la wakati ule alete. Na Dortmund, wale kwao umeshika miaka ya 90 kupitia kava nyingine kabisa ya bendi ya Kijerumani, Pur Harmony, hawajawahi hata kudai wao ndo wa kwanza. Kinachochekesha ni kwamba hiyo 1966 Liverpool ilipowatoa Celtic, fainali ikachezwa hukohuko Glasgow, na waliomfunga Liverpool 2-1 ni Dortmund! Timu zote tatu tunazozibishania hapa zilipita kwenye kombe moja.

Mpenda muziki wa zamani:
Si unaona sasa, Dortmund wameupata kwa kava nyingine na umewakaa vilevile. Maana yake nguvu iko kwenye wimbo, haiko kwa Gerry. Hujanijibu hapo.

Mleta mada:
Nakujibu. Hao Pur Harmony hawakuutoa kwenye Carousel, waliukuta ushakuwa wa mpira miaka thelathini. Niletee jukwaa hata moja lililouchukua moja kwa moja kutoka Broadway au kwa Sinatra, nafuta mada.

Shabiki wa Celtic:
Mimi tarehe zenu nazisikia. Ila njooni Celtic Park usiku wa Ulaya, mitandio juu, halafu mtuambie nani anauimba vizuri zaidi. Huo ubishi wa pili mbona mnaukimbia?