Nimeuziwa dawa ya kung'arishia nikaambiwa ni rezisti, mikanda 3 ya harusi imekufa!

Wakuu naandika nina hasira mtanisamehe. Niko Tabora mjini, kazi yangu mikanda na pochi za ngozi ya magome (ile iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti), nachora kwa kisu nagonga nakshi kwa mkono. Nimepata oda ya mikanda 6 ya harusi, mteja anataka majani ya mwembe mwanzo mwisho, mmoja tu unakula siku mbili na shingo inauma. Rezisti, ile dawa ya kuziba ngozi isinywe rangi ya juu, ikaniishia, nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar, hela nikatuma yote, mzigo ukaja na basi: chupa ya maji ya kunywa, kifuniko kimezungushiwa selotepu, ubavuni imeandikwa REZISTI kwa maka peni. Harusi iko karibu, nikapokea hivyo hivyo.

Rangi ya kahawia nilipaka ikakauka, nikasugua hadi kitambaa kinatoka safi, ndo nikapaka rezisti mara mbili, nyembamba, ya kwanza ikauke kwanza, halafu nikaiacha mpaka kesho yake jioni. Antiki nyeusi, ile rangi nzito ya kutia giza michoro, nikazungusha na sponji iingie humo, nikafuta ya juu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Haitoki! Nyeusi kwenye mfereji, nyeusi juu ya jani, kote sawasawa, jani lenyewe hulioni tena. Sasa rezisti si kazi yake ndo hiyo, kuziba ngozi juu isinywe ili antiki ibaki mabondeni nakshi isimame? Nikikazana kufuta inakuwa uji, kidole kinanata na kahawia yangu inaondoka nayo. Na mimi kwa haraka nilishapaka mikanda mitatu.

Nikachukua kipande cha ngozi nikapaka hiyo dawa, siku nzima ikakauka, nikadondosha tone la maji. Rezisti ya kweli tone linasimama juu kama umande kwenye jani la yugwa. Hili likazama pale pale, doa jeusi, ukipapasa utelezi. Wakuu hiyo ni dawa ya kung'arishia, ile inayolegea ikikutana na maji! Nayo ina kazi yake, lakini inakaa juu ya antiki iliyokwisha kauka, sio chini yake.

Nampigia ananiambia eti "bro, Tabora joto, halafu ngozi yako mbovu". Joto hili hili na ngozi hii hii nimefanyia miaka minne kwa chupa za kiwandani, mbona haijawahi? Kukusanya vidumu na kupimia watu kwenye chupa za maji bila kujua umemimina nini, mtu anapoteza ngozi, siku sita za kazi na mteja aliyemwamini, inauma sana jamani.

Harusi Jumamosi ijayo. Mikanda 3 bado sijaigusa. Mwenye rezisti ya kiwandani yenye sili yake, awe Mwanza awe Dodoma, aje PM leo, hela ninayo mkononi. Na wewe uliyeniuzia najua humu unapita, nataka hela yangu pamoja na bei ya ngozi.