Anwani na simu za wateja: nifanyeje zisisomeke hata seva ikivamiwa?

fundi_duka
Wakuu, habari za kazi. Duka la vitenge la mtandaoni, PHP 8 na MySQL, seva ya kukodi. Kila oda inaacha jina, simu na maelekezo ya kufikisha mzigo, mfano "Tabata Kimanga, nyumba ya pili baada ya msikiti, geti la bluu". TLS (usimbaji wa mawasiliano kati ya kivinjari na seva) ipo. Simu nimezipitisha SHA-256 (hesabu ya upande mmoja inayogeuza namba kuwa alama, yaani heshi) ili nimtambue mteja anayerudi bila kuhifadhi namba yenyewe kwenye jedwali la wateja. Kwenye oda, simu na maelekezo bado viko wazi. Nataka mwizi wa hifadhidata asijue nani kanunua nini na anakaa wapi. Mwenye duka naye hataki namba yake binafsi isambae. Nianzie wapi?

kufuli32
Anza na hizo SHA-256, mkuu, maana hazikulindi. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ukiondoa 255 ina tarakimu 9, na ya kwanza ni 6 au 7. Zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kadi nzuri ya michoro, ya kuchezea gemu tu, inazimaliza ndani ya sekunde moja na kulinganisha na jedwali lako. Chumvi ya kila mteja (herufi za nasibu zinazochanganywa na namba kabla ya heshi) haiokoi kitu, kwa sababu inakaa pembeni ya heshi na mwizi anaibeba pamoja nayo.

Tumia HMAC (heshi inayochanganywa na siri): `hash_hmac('sha256', $simu, $siri)`. Siri iwe baiti 32 kutoka `random_bytes(32)`, ikae nje ya hifadhidata na nje ya folda ya tovuti. Kabla ya hapo sawazisha namba zote ziwe +255, la sivyo 0712 na 255712 zitatoa majibu mawili na mteja mmoja ataonekana wawili.

baharia_tz
Maelekezo yasimbe kwa AES-256-GCM (usimbaji ambao ufunguo mmoja hufunga na kufungua), ufunguo uweke kwenye faili la mazingira. Kazi imeisha.

kufuli32
Haijaisha, ndugu. Hiyo inazuia aliyeiba nakala rudufu au aliyepenyeza amri za SQL kupitia fomu za tovuti. Aliyeingia ndani ya seva anausoma ufunguo palepale na kufungua oda za miaka yote. Duka halihitaji seva isome anwani. Anayeihitaji ni anayefunga mzigo. Kwa hiyo seva ipewe ufunguo wa umma tu, ule unaofunga bila kufungua; wa kufungulia, yaani wa siri, abaki nao mfungaji.

PHP ina maktaba ya sodium ndani yake tangu 7.2. Kwenye kompyuta ya kufungia mizigo, siyo kwenye seva, tengeneza jozi kwa `sodium_crypto_box_keypair()`. Ufunguo wa umma upeleke kwenye seva. Oda ikiingia:

`$d = sodium_pad(json_encode($oda), 512);`
`$fumbo = sodium_crypto_box_seal($d, $umma);`

`sodium_pad` inazifanya oda zote zisizofika baiti 512 zilingane urefu, ili urefu wenyewe usimtambulishe mtu. Muhuri (hiyo `sodium_crypto_box_seal`) unaongeza baiti 48, hivyo 512 inakuwa 560. Safu ya hifadhidata iwe VARBINARY (ya baiti ghafi). Ukiweka maandishi ya utf8, baiti zinaharibika na oda haifunguki tena. Namba ya oda iweke *ndani* ya `$oda` na uikague unapofungua. Bila hivyo, mvamizi anaweza kuhamisha fumbo la oda moja kwenda nyingine, na mzigo ukaenda geti lisilo lake.

Ufunguo wa siri ukipotea, hakuna wa kukusaidia. Weka nakala mbili kwenye flashi zilizosimbwa, sehemu mbili tofauti.

fundi_duka
Asante sana, mkuu. Sasa SMS ya "oda imepokelewa" nitaitumaje kama seva haisomi simu?

kufuli32
Itume wakati oda inaingia, namba ikiwa bado kwenye kumbukumbu ya programu, kabla ya kuisimba. SMS ya "mzigo umetoka" itoke kwenye kompyuta ya kufungia.

mama_logi
Naongezea panapovuja zaidi. Tafuta barua pepe ya "oda mpya" inayomwendea muuzaji: mara nyingi ina jina, simu na anwani nzima bila kusimbwa, na inakaa kwenye kikasha miaka. Ibakize namba ya oda na kiasi tu. Kisha angalia logi (faili za kumbukumbu za matukio ya seva): taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu mara nyingi huja na namba ya mlipaji, na watengenezaji wengi huiandika yote kwenye faili wakati wa majaribio wakaisahau. Mtandao wenyewe utaendelea kujua nani kamlipa nani. Usimwahidi mteja zaidi ya hapo.

Muuzaji achukue Lipa Namba (namba ya malipo ya biashara), mnunuzi aone jina la biashara badala ya namba yake binafsi. Bodaboda apewe lebo yenye jina la kwanza, eneo na namba ya oda. Simu apewe siku ya safari tu.

Jozi ya funguo ibadilishe kila mwezi. Muda wa kurudisha bidhaa ukipita, futa ufunguo wa siri wa mwezi ule pamoja na nakala zake zote mbili. Mafumbo yaliyobaki kwenye nakala rudufu za seva hayatafunguka tena. Kiasi na namba za risiti, kwa ajili ya kodi, viwe kwenye jedwali lingine lisilo na majina. Vihamishie huko kwanza, ndipo ufute ufunguo.