Mrejesho: kioo cha dereva kilichogoma kupanda

Wakuu, wiki iliyopita nilileta shida ya kioo cha umeme upande wa dereva, kimeshuka na hakipandi, na mvua za Dar hizi. Asanteni sana mliojibu.

Fyuzi ilikuwa nzima. Ule ushauri wa kupiga mlango ngumi huku nimebonyeza swichi nilidhani ni utani, kumbe! Kioo kikapanda inchi mbili, kikagoma tena. Nikafungua kava la mlango, nikaweka tasta kwenye soketi ya mota: umeme unafika, mota kimya. Fundi alipoifungua, kaboni (vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zilikuwa zimeisha, ndani vumbi jeusi tupu. Nimefunga mota ya mtumba.

Aliyesema nibane kioo kwa selotepu kabla ya kutoa mota, ubarikiwe, kingedumbukia mlangoni.

Sasa kinapanda, ila kikifika nusu kinasuasua hadi nikisukume kwa kiganja. Raba za pembeni zimekauka. Nimepulizia silikoni, afadhali kidogo tu, itabidi nibadilishe. Na klipu mbili za kava nilizivunja mwenyewe kwa haraka zangu, kwenye rafu rodi mlango unalia kama debe.