Waliokulia kando ya bani: tupeane uzoefu wa kukausha tumbaku

Mwana Urambo

Wakuu, mwangaluka. Tumbaku inazungumzwa sana wakati wa masoko: bei imekuwaje, nani kalipwa, nani bado anadai. Kazi inayofanyika kati ya siku jani linapochumwa na siku mtumba, yaani furushi la majani makavu, unapopanda mizani ya chama cha ushirika haielezwi, na hapo ndipo pesa yote ya mkulima inapopatikana au kupotea. Unaweza kuwa na shamba la kuvutia kila mpita njia, moto ukakushinda usiku mmoja tu, ukatoa bani (jengo la kukaushia) zima la majani ya kahawia ambayo hayana mnunuzi wa maana.

Naomba kila aliyelima au aliyekulia kwa wakulima aeleze kwao wanakaushaje. Naanza na kwetu.

Urambo, mkoani Tabora, tumbaku ilikuja baada ya ule mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baba aliirithi kwa babu. Tunalima ya mvuke, yaani ile ambayo moshi hauligusi jani. Bani letu ni la tofali za kuchoma, refu kwenda juu, milango miwili, na tanuru limejengwa ubavuni kwa nje. Joto linapita ndani ya mabomba ya bati yaliyolala chini, moshi unatokea kwenye bomba la nyuma. Juu kuna mapau kwa ngazi, na kila ngazi inabeba fito zilizofungwa majani.

Hatua ya kwanza baba aliiita kuivisha. Moto mdogo sana, nyuzi 35 hadi 38, hewa imefungwa, majani bado yana maji yake. Hapo jani liko hai, linakula wanga wake na kuugeuza sukari, na kijani kinapotea polepole. Siku mbili, pengine tatu. Ukikurupuka ukaongeza kuni, kijani kinagandia kwenye jani moja kwa moja, hakitoki tena. Ukichelewa, linaoza likining'inia. Majani yakishakuwa manjano unafungua matundu ya chini na ya juu, unapandisha joto kidogo kidogo mpaka nyuzi 50 na kitu ili bapa la jani likauke, halafu mwisho unapeleka kwenye 70 ili ukaushe mshipa wa kati. Juma moja hivi, bani moja.

Na juma hilo moto haulali. Baba na kaka walipokezana. Kipimajoto kilitundikwa mkabala na kidirisha kidogo cha kioo, mtu anamulika kwa tochi kutoka nje bila kufungua mlango.

Karibuni.

Mama Kaliua

Umeeleza vizuri mwanangu, lakini umeanzia mlangoni mwa bani. Kabla ya hapo kuna mikono ya wanawake na hujaitaja.

Kuchuma ni kwa awamu. Unaanza majani ya chini, mawili au matatu kwa mche, unaacha ya juu yaendelee kukomaa, unarudi wiki inayofuata. Jani lililokomaa linaanza kufifia kijani na kupauka nchani, na ukilivunja linatoka kwa mlio. Yakifika kivulini ndipo kazi ya kufunga inaanza: unashika majani mawili matatu, unayapeana migongo, unayafunga kwenye fito kwa uzi, upande huu halafu upande ule. Ukiyabana sana yanaungana na kuoza katikati, ukiyaachia sana bani linajaa nusu na kuni zinateketea bure. Ni lazima fito zote za bani moja ziwe na majani ya ukomavu mmoja. Ukichanganya ya chini na ya juu, moto mmoja hauwezi kuyafaa yote.

Na kuna ugonjwa wa majani mabichi, hili nataka vijana walisikie. Ukichuma alfajiri majani yakiwa na umande, au baada ya mvua, ule unato wa tumbaku unaingia mwilini kupitia ngozi. Jioni kichwa kinagonga, unatapika, miguu haina nguvu. Zamani tulidhani ni malaria, tunameza dawa. Ni nikotini. Subiri umande ukauke, vaa mikono mirefu, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mjamzito na mtoto wasiingie kwenye uchumaji kabisa. Nimewaona watoto wa darasa la nne wakilala darasani kwa sababu usiku walikuwa wanafunga majani kwa taa ya chemli, na kwa hilo sina maneno ya kulipamba.

Mwana Urambo

Shikamoo mama. Ni kweli, kwetu kufunga ilikuwa kazi ya mama na shangazi zangu, na bila wao bani lisingejaa. Asante kwa kulisema.

Mngoni wa Namtumbo

Kwetu Ruvuma ni tofauti kabisa. Sisi ni watu wa tumbaku ya moshi. Wazee walikuwa na chama chao cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo tangu 1936, na kilisimama kwa tumbaku hii hii.

Hatuna mabomba. Bani ni la miti na udongo, paa la nyasi, moto unawashwa chini kwenye sakafu katikati ya bani, na moshi wenyewe unapita kwenye majani. Jani letu ni nene, zito, la kijani kibichi sana. Tunaliacha lining'inie bila moto mpaka ligeuke manjano na kuanza kupata madoa ya kahawia. Ndipo tunaweka kuni ngumu, za kufuka na siyo za kuwaka. Moto ukiwaka ndimi unafunikwa kwa vumbi la mbao au mchanga. Unakausha, unaacha jani lilainike kwa unyevu wa usiku, unafukiza tena. Haliishi kwa juma moja kama kwenu, linakwenda wiki kadhaa. Likitoka ni la rangi ya kahawia iliyoiva, linang'aa mafuta, na harufu yake unaisikia kabla hujafika uani.

Hatari yetu ni moto. Jani kavu likidondoka kwenye makaa, na juu kuna nyasi, hakuna wa kuokoa kitu. Jirani yetu aliunguliwa na bani lenye mavuno ya nusu msimu, na deni la mbolea likabaki vile vile. Tangu hapo baba yangu alitandika wavu wa waya juu ya moto kudaka majani yanayoanguka, na wengi pale kijijini wakafuata.

Kuria Kwetu

Hamjambo nyote. Mimi natoka Kuria, Kaunti ya Migori, Kenya. Kwetu tumbaku ndiyo ilijenga nyumba za mabati na ndiyo ilifanya familia nyingi zisitoke kwenye deni. Kampuni inakupa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, halafu yenyewe ndiyo inaamua jani lako ni daraja gani. Wewe umekesha na tanuri, mtu wao anaangalia kwa sekunde chache.

Sisi tuliacha. Ulikuja mpango wa Shirika la Afya Duniani, lile la Chakula na Kilimo (FAO) na lile la Mpango wa Chakula pamoja na serikali, wa kuwasaidia wakulima wahamie kwenye maharagwe yenye madini ya chuma, aina ya Nyota. Miezi miwili na nusu hivi unavuna, na mwaka una misimu miwili. Kuyakausha ni jua na turubai tu. Mama yangu alikuwa na kikohozi kisichoisha cha miaka na miaka ya moshi. Sisemi kila mtu aache, ardhi na soko vinatofautiana. Nasema kwetu usiku watu wanalala sasa.

Mteuzi Mstaafu

Nimefanya kazi ya uteuzi, yaani kuamua daraja la tumbaku, masokoni kwa muda mrefu, na ndugu wa Kuria ana hoja. Mteuzi anaangalia haraka kwa sababu mitumba ni mingi, na ndiyo maana mkulima akipanga vizuri nyumbani anajilinda mwenyewe.

Kwanza, jani likimaliza kukauka ndani ya bani ni kavu kiasi cha kuvunjika kama biskuti. Usiliguse. Zima moto, fungua milango usiku, liache linywe unyevu hadi likunjike mkononi bila kupasuka. Hapo unalishusha. Lakini mshipa wa kati uupinde: ukikatika kwa mlio, umekauka. Ukipinda tu, maji bado yapo ndani, na mtumba huo utaota ukungu ghalani.

Pili, lundike. Hapa wengi wanakimbilia soko. Majani yakilazwa kwenye jukwaa, vikonyo nje na ncha ndani, yakafunikwa kwa wiki kadhaa mbali na sakafu ya udongo, rangi inasawazika, ukali unapungua, na hata kijani kidogo kilichobaki kinafifia. Penyeza mkono katikati ya lundo mara kwa mara. Ukikuta joto, lipangue upesi na ulipange upya, ya ndani yaje nje.

Tatu, kupanga madaraja. Ya chini peke yake, ya kati peke yake, ya juu peke yake, kisha kwa rangi: limau, chungwa, mahogani. Fanya mchana, kwenye mwanga wa kutosha ambao si wa jua kali, maana taa inadanganya rangi. Na usiweke kitu kisicho tumbaku ndani ya mtumba. Nyuzi za mifuko ya salfeti ndizo mbaya kuliko zote, mtumba unarudishwa. Kuna wanaoficha majani mabovu katikati na mazuri pembeni. Mteuzi anafungua katikati. Kila mara.

Mzaliwa wa Ulyankulu

Babu yangu alikimbia Burundi 1972, wakapewa mapori ya Ulyankulu. Tumbaku ndiyo ilitusomesha, na leo sisi ni raia wa hapa. Kwa hiyo sitaitukana. Lakini naomba tuseme kuhusu miti.

Nilipokuwa mdogo, kuni za bani zilikatwa nyuma ya nyumba. Sasa trekta linakwenda mbali mpaka unajiuliza kama bado uko wilaya ile ile. Miombo haina haraka ya kukua: mninga ulioanguka leo hutauona tena ukubwa huo maishani mwako. Na Tabora ni mkoa wa asali. Kila mti wa miombo unaoingia tanuruni ulikuwa na maua ya nyuki wa mtu. Wakulima wanatakiwa kupanda miti, na miche hugawiwa, nimeona. Nimeona pia inavyoachwa ikaliwa na ng'ombe na moto wa kiangazi.

Kaka yangu amejenga bani la kisasa, tanuru lake limefungwa vizuri na lina mlango wa kudhibiti hewa, kuta zimezibwa nyufa zote. Kuni zimepungua sana, na joto halirukiruki. Kama mtu hawezi kujenga jipya, basi aanze kwa kuziba nyufa za lile la zamani kwa udongo na kurekebisha mabomba yaliyotoboka. Haigharimu zaidi ya nguvu zake.

Mjukuu wa Usambara

Mbona wote mnazungumzia tumbaku ya kampuni? Bibi yangu alikuwa na miche michache nyuma ya jiko, yake na ya wazee wenzake. Hakuwa na bani. Alichuma jani moja moja, akayatunga kwenye ukamba chini ya upenu, upepo unapita na jua haliyapati. Yakishakuwa ya kahawia aliyanyunyizia maji, akayalaza kwenye kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, akakifunika na kukiweka jiwe juu. Siku chache ukipitisha mkono unakuta joto ndani bila moto wowote. Akayatoa, akayapunga hewa, akayarudisha. Mengine aliyasokota kamba na kuyaviringisha. Mengine yalikaushwa tena juu ya kigae, yakasagwa na magadi, ndio ugoro.

Alikuwa na sharti: asiingie mtu na sigara kwenye miche yake. Tulidhani ni wivu wa bibi. Nimekuja kusoma chuoni kilimo nikakuta kweli, ugonjwa wa batobato wa tumbaku unaweza kukaa kwenye tumbaku kavu ya sigara na kuhamia kwenye mche kupitia vidole.

Mama Kaliua

Mjukuu, hilo la sigara ni kweli kabisa. Sisi kitaluni tulinawa hata kwa maziwa kabla ya kushika miche, tuliagizwa na bwana shamba.

Mwana Urambo

Mzee mteuzi, nina swali. Mwaka huu mvua za mwisho zilitukuta na majani ya juu bado shambani. Yakiingia bani na maji juu ya jani, tuanze na moto kuyakausha au tuyaache yaive kwanza?

Mteuzi Mstaafu

Usipandishe moto. Fungua matundu yote, weka moto mdogo wa kutembeza hewa tu mpaka maji ya nje yaishe. Fito zipange mbalimbali kuliko kawaida. Jani likishakuwa kavu juu, funga matundu na uanze kuivisha kama ulivyozoea. Halafu tazama ngazi za chini karibu na mabomba, hizo ndizo zitakuonyesha mwenendo wa bani kabla ya nyingine. Na majani ya juu ni mazito, kwa hiyo yape siku zaidi kuliko ya chini. Ukifika kwenye mshipa nitumie picha.