Mke wangu ana mimba ya wiki 31, presha 148/96, ila hajisikii vibaya. Nifanyeje?

Baba Mtarajiwa:
Wakuu, habari za muda huu. Mke wangu ana mimba ya kwanza. Leo asubuhi kliniki presha ilisoma 148/96, akapumzishwa, wakarudia baada ya masaa manne ikawa 144/92. Katakiwa arudi kesho apimwe mkojo na damu. Hataki. Anasema kichwa hakimuumi, miguu kuvimba ni mambo ya mimba, na hajawahi kuwa na presha maishani. Hili linawapata wengi au ni yeye tu? Na madhara yake ni yapi?

Tuliza Boli:
Mkuu, kesho mpeleke mwenyewe. Mengine tutabishana mkirudi.

Mkunga Mstaafu:
Mwanangu, hayuko peke yake. Katika wajawazito 100, kama 5 hadi 10 hupatwa na tatizo la presha. Ikianza baada ya wiki 20 na kusoma 140/90 au zaidi mara mbili, hiyo ni presha ya mimba. Mkeo kashafika hapo.

Mkojo wanatafuta protini. Ikionekana, basi huenda ni ule ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba. Mimba ya kwanza peke yake inaongeza uwezekano. Kadhalika mapacha, unene, kisukari, ugonjwa wa figo, au mama na dada zake kuwahi kuugua.

Chanzo mara nyingi kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya kulilisha haikutanuka inavyotakiwa tangu mimba ikiwa changa, kwa hiyo mtoto anaweza kudumaa tumboni au kuzaliwa njiti, na kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati. Mama naye huumia figo na ini, anaweza kupata kiharusi au degedege. Ikifika 160/110 hospitali ni saa hiyohiyo, awe anajisikia vizuri au vibaya.

Mama Wawili:
Mwambie shemeji mimi pia nilikuwa "sijisikii vibaya". Wiki ya 33 uso ukavimba ghafla, nikaona vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia nikadhani vidonda vya tumbo. Nikanywa dawa ya vidonda nikalala! Nilipofikishwa hospitali nilichomwa magnesiamu kuzuia kifafa, nikaanzishiwa uchungu. Mtoto alikaa wodi ya njiti wiki tatu. Sasa hivi ananivunjia vikombe.

Kijana wa Zamani:
Mzee wangu anatumia enalapril, inashusha vizuri sana. Mpe nusu kidonge usikilizie.

Mkunga Mstaafu:
Kijana, futa hiyo kabla mtu hajaifuata. Enalapril, lisinopril, losartan na ndugu zao huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Wajawazito huandikiwa methyldopa, nifedipine au labetalol, na anayeandika ni daktari, siyo jirani.

Baba Mtarajiwa:
Mrejesho. Alikubali baada ya kumsomea ya Mama Wawili. Protini imeonekana kidogo, damu iko sawa, mtoto anacheza vizuri. Kaanzishiwa methyldopa, kila wiki atapimwa mara mbili. Daktari amesema hali ikitulia watamzalisha wiki ya 37. Akishajifungua ndiyo yameisha?

Mkunga Mstaafu:
Kujifungua ndiyo tiba, lakini haiponi siku hiyohiyo. Presha hupenda kupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, na kifafa kinaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye. Nimeona kina mama wakirudishwa mbio, watu wote wako bize na mtoto. Kichwa kikimuuma sana baada ya kuzaa, msiseme ni uchovu. Mimba ijayo awahi kliniki mapema: huenda wakamwanzishia aspirini ya dozi ndogo, na inafaa zaidi ikianza kabla ya wiki 16.

Baba Mtarajiwa:
Asante sana mama. Nimenunua mashine ya presha, ila mkanda unambana mkono. Inasoma juu kuliko ya kliniki.

Mkunga Mstaafu:
Mkanda mdogo huongeza namba. Tafuta mkubwa. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo. Na wewe usimsemeshe wakati inapima.

Mama Wawili:
Hapo pa kutomsemesha ndipo kazi ilipo 😂