Namaliza intanshipu ya famasi Mwanza: wodini, kaunta au MSD?

BintiIgoma: Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Mwezi ujao namaliza mwaka wangu wa intanshipu. Nina njia tatu: kubaki hospitali, kusimamia famasi ya mtu mjini, au kusubiri nafasi Bohari ya Dawa (MSD) kanda ya Mwanza. Nyumbani wanataka nianze kuleta hela. Mlioonja, ipi inamkuza mfamasia?

MzeeWaKaunta: Marahaba mwanangu. Hela ya famasi ya mjini ni ya haraka, ila soma mkataba. Tajiri wangu wa kwanza alitaka cheti changu tu kining'inie ukutani, mimi nipite mara moja kwa mwezi. Wiki ya pili nilikichukua nikaondoka. Baraza la Famasi likija kukagua, jina lililosajiliwa ni lako. Ukipata anayekuacha ukae kaunta, kaa. Mtu anakuja na mia tano mkononi anataka "rangi mbili", zile kapsuli za antibayotiki, kwa kikohozi. Umweleze kwa nini humpi, na kesho arudi bila kinyongo. Huo ni ujuzi.

WodiniDaima: Dada, baki hospitali angalau miaka miwili. Kuna siku kichanga ameandikiwa ceftriaxone, na mkononi ana dripu ya Ringer's lactate. Nesi ameshavuta dawa kwenye sirinji. Ringer's ina kalsiamu, na kwa kichanga hivyo viwili vikikutana vinaweza kuganda hadi kwenye mapafu. Nikasema, "Sista, subiri kidogo." Tukampigia daktari, akabadilisha dawa. Mama mtu alikuwa pembeni anakunja kanga, hakujua lolote. Nililia nilipofika nyumbani.

Kamanga: MSD ni nzuri, ila wagonjwa utawasikia kwenye oda tu. Usiidharau lakini. Boksi la dawa mseto ya malaria lisipopanda boti, zahanati ya kisiwani Ukara inamwambia mzazi "hakuna". TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) nao wana ofisi ya kanda hapa, kazi ya ukaguzi. Nafasi za serikali usizisubiri umekaa nyumbani.

Fundi_Sengerema: Na sisi wa diploma?

Kamanga: Mdogo wangu, zahanati na vituo vya afya vingi vinawategemea ninyi. Omba huko.

BintiIgoma: Asanteni sana. Kaka @WodiniDaima, kwenu wanachukua wa mkataba?

WodiniDaima: Wanachukua. Ukishapata usajili wako njoo nao, uniulizie dirisha la wagonjwa waliolazwa.